Vyombo vya Kuhifadhia Chakula: Kagua Kifuniko Kabla ya Bakuli

Malalamiko yanayonifikia kwa wingi kutoka kwa wasomaji yanafanana. Mtu ametupa vyombo vyake vyote vya plastiki, amenunua seti ya mabakuli ya kioo kwa bei kubwa, na baada ya miezi michache anagundua kwamba kifuniko kimebadilika rangi, kinanuka chakula cha wiki iliyopita na mpira wake umeanza kunata. Anauliza kama fedha zake zimekwenda bure. Hazikwenda bure zote, lakini ni kweli kwamba alipewa nusu tu ya alichoahidiwa, kwa sababu kifuniko cha bakuli lile ni plastiki ileile aliyokuwa akiikimbia. Kwa hiyo mwongozo huu hauzungumzii ukubwa, umbo wala urahisi wa kupanga vyombo ndani ya friji. Unazungumzia kifuniko.

Sababu yenyewe inaonekana kwa macho. Ukimimina supu ya moto kwenye bakuli na kulifunika, baada ya muda mfupi upande wa ndani wa kifuniko hujaa matone. Matone hayo hukua, huteleza hadi kwenye mfereji wa mpira, kisha hudondoka tena ndani ya supu. Bakuli likilala upande ndani ya begi, mafuta yaliyoelea juu ndiyo yanayotangulia kugusa plastiki. Joto na mafuta ndivyo vinavyochochea zaidi kemikali kuhama kutoka kwenye plastiki, na kifuniko hupata vyote viwili hata pale ambapo bakuli ni kioo kitupu.

Kemikali zinazotajwa sana ni za makundi mawili. Ftalati hutiwa kwenye PVC, aina mojawapo ya plastiki, ili iwe laini, na kwa kuwa hazijaungana kikemia na plastiki yenyewe, hutoka humo polepole na kuingia kwenye chakula, hasa chenye mafuta. Bisfenoli A, yaani BPA, ni malighafi ya polikaboneti, ile plastiki ngumu inayoangaza, na pia ya utando uliopakwa kwa miaka mingi ndani ya makopo ya chakula. Mwaka 1936 watafiti Edward Charles Dodds na Wilfrid Lawson walikwisha kuonyesha kwamba BPA hutenda kazi kama estrojeni, homoni ya kike ya uzazi, katika mwili wa mnyama. Mwaka 1998, nchini Marekani, mtafiti Patricia Hunt aliona kasoro za ghafla katika mayai ya uzazi ya panya wake wa maabara, na alipofuatilia chanzo alibaini kwamba vizimba na chupa za maji za polikaboneti zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni kali isiyokusudiwa kwa kazi hiyo, plastiki ikachakaa na BPA ikavuja. Huwa nakumbuka kisa hicho kila ninapoona kifuniko kilichofifia na kuparurika kikiendelea kusuguliwa kwa sabuni ya nguvu ili kirudishe weupe wake.

Mwezi Aprili 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kumeza kila siku maisha yake yote bila hofu ya madhara, kutoka mikrogramu 4 (sawa na nanogramu 4,000) hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani mara 20,000 chini ya kile cha awali. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, haikukubaliana na hesabu hiyo na ikapendekeza nanogramu 200, lakini hata hicho ni kiwango kidogo sana kuliko cha zamani. Mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya BPA katika vifaa vinavyogusa chakula, pamoja na kipindi cha mpito. Jambo la kutia moyo ni kwamba BPA haikai mwilini muda mrefu. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2011, watu 20 walipokula kwa siku tatu chakula kilichoandaliwa kwa mazao mabichi, kisichopita kwenye makopo wala plastiki, BPA katika mikojo yao ilishuka kwa takriban asilimia 66.

Maandishi ya "haina BPA" yasikutulize. Viwanda vingi vilihamia kwenye BPS na BPF, ndugu wa karibu wa BPA, ambazo katika vipimo vya maabara nazo huingilia homoni. Vilevile, namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo, iliyobuniwa mwaka 1988, ni ya kusaidia kuchambua taka za plastiki, wala si cheti cha usalama.

Nafasi ya kwanza naipa mitungi ya Weck, na sifichi upendeleo wangu. Kampuni hiyo ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1900, hutengeneza mtungi wa kioo wenye kifuniko cha kioo, pete ya mpira wa asili na vibanio vya stenlesi. Mvuke ukipanda unakutana na kioo. Pete hutolewa kwa vidole viwili, huoshwa pande zote, na ikipata nyufa hununuliwa nyingine bila kununua mtungi upya. Mitungi hii ina udhaifu wake: kioo chake hakivumilii kutolewa kwenye baridi kali na kutiwa kitu cha moto papo hapo, na mwenye mzio wa mpira wa asili atafute kingine. Kampuni hiyohiyo huuza pia vifuniko vya plastiki kwa ajili ya mitungi hii, viache.

Nafasi ya pili ni vyombo vya stenlesi vyenye kifuniko cha stenlesi. Tafuta daraja la 304, lenye kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na uhakikishe kwamba pete ya silikoni inatoka. Pete iliyogandishwa kwenye kifuniko hukusanya mafuta chini yake mahali ambapo sifongo haifiki, na hapo ndipo harufu huanzia. Vyombo hivi haviingii kwenye maikrowevu, na mwenye mzio wa nikeli asihifadhie humo chakula chenye uchachu.

Nafasi ya tatu ni kioo cha borosilikati, kioo kinachostahimili joto, chenye kifuniko cha plastiki ya polipropilini. Kioo chenyewe ni bora, kwa kuwa hutanuka takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida kinapopata joto, hivyo hakipasuki ovyo. Kisifunikwe mpaka chakula kipoe, kisijazwe hadi juu, na kipashwe moto bila kifuniko chake. Lakini hapa ndipo wauzaji wanaponiudhi kupita kiasi. Aina ya kioo huandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi, huku plastiki ya kifuniko isitajwe popote, na mpira wake ndiyo kabisa. Kifuniko huchakaa miaka mingi kabla ya bakuli, na ukitaka kununua kifuniko peke yake unaambiwa hakiuzwi, chukua seti nyingine. Mnunuzi analipishwa kioo mara mbili kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Kwa mwenye fedha kidogo, chombo cha polipropilini, namba 5, kinafaa kwa nafaka na vitu vikavu vilivyopoa. Mitungi ya kioo iliyokuja na bidhaa nayo ni mizuri, ila mingi huwa na mzunguko laini wa PVC ndani ya kifuniko cha bati, kwa hiyo vyakula vya mafuta visiuguse.

Mabakuli yanayouzwa kwa jina la mianzi siyapi nafasi yoyote. Mengi ni unga wa mianzi ulioshikanishwa kwa plastiki ya melamini na formaldehaidi, na BfR imekwisha kuonya kwamba yasitumike kwa chakula au kinywaji kinachozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Muuzaji anayeyasifu kuwa ya asili aulizwe unga huo umeshikanishwa na nini, na asipokuwa na jibu, bakuli libaki rafuni.