iPad mini au iPad ya kawaida? Pima upana wa ukurasa kabla hujalipa

Jumamosi ya tatu kabla ya Pasaka, waimbaji wangu wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, walishuka pale walipopaswa kupanda. Tunaimba kwa sol-fa, nota zinazoandikwa kwa herufi d r m f s l t. Kutoka s walitakiwa waende d ya juu, wakaangukia d ya chini, wote tisa, kwa sauti moja. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyewaimbia mstari huo nikisoma kwenye iPad mini niliyokuwa nimeinunua siku sita nyuma, na kale kamstari kadogo kanakokaa begani mwa d kuonyesha kwamba ni ya juu sikukaona kabisa. Mzee mmoja wa besi, ambaye hajawahi kukubali kuacha karatasi zake, aliinua mkono: "Mwalimu, samahani. Karatasi yangu hapa inasema d ya juu."

Nilienda nikaitazama. Kamstari kalikuwa pale, wazi, hata kwa miwani yake ya zamani. Nikarudi kwenye standi yangu, nikainama mpaka pua ikakaribia kioo, ndipo nami nikakaona, kama chembe ya vumbi.

Tangu nianze kuandika kuhusu vifaa vya kwaya hapa Kisumu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ile iPad ndogo inatosha?" Nilikuwa nikijibu kwamba inatosha, kwa sababu sikuwa nimeitumia. Nawaomba radhi wote niliowajibu hivyo. Huu hapa ni mwongozo niliopaswa kuuandika tangu mwanzo, na ni wa watu wanaosoma kurasa nzima zisizobadilika umbo: walimu wa kwaya wenye nota zilizoskaniwa, walimu wa shule wenye mitihani ya PDF, wanafunzi wa chuo kikuu pale Maseno wanaotumiwa na mhadhiri kitabu kizima kilichopigwa picha. Sitaongea habari ya kasi wala kamera. Tableti yoyote nitakayoitaja inaweza kufungua ukurasa na kuugeuza. Swali ni kama utausoma.

Tuanze na zile inchi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa. Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kwa mshazari, kutoka kona moja hadi kona ya upande wa pili. Mini ni inchi 8.3, iPad ya kawaida ni kama 10.9. Ukisikia hivyo unaona tofauti ya inchi mbili na nusu, jambo dogo, na muuzaji atakuambia vivyo hivyo. Mimi nilichukua rula. Ukishika tableti wima, kama unavyoshika karatasi, kioo cha mini kina upana wa sentimita 11.6. Cha iPad ya kawaida kina 15.7. Karatasi ya A4 ina 21. Maana yake ukurasa wa A4 ukiingia kwenye mini unabanwa hadi asilimia 55 ya ukubwa wake, na kwenye iPad ya kawaida unabaki na asilimia 75. Herufi zilizochapwa kwa saizi 12 zinakuwa kama saizi 6 na nusu kwenye mini. Kwenye ile kubwa zinakuwa 9. Ukipima eneo lote la kioo, mini imepoteza zaidi ya asilimia 40.

Kwa maneno ya kawaida jicho linavumilia. Neno "Bwana" utalitambua hata likiwa dogo, kwa sababu umeshalijua umbo lake. Sol-fa haikupi nafasi hiyo. Nukta mbili zinatenga mapigo, nukta moja inagawa pigo nusu, mkato unaligawa robo, na kamstari kadogo juu au chini ya herufi ndiko kanakokuambia ni d ipi kati ya d tatu. Kila kitu muhimu kimewekwa kwenye alama ndogo kuliko zote. Ukizibana hadi asilimia 55, na nota zenyewe zikiwa zimetolewa fotokopi ya fotokopi tangu miaka ya tisini, nukta na mkato vinafanana. Mwalimu wa hesabu mwenye vipeo na sehemu anajua ninachosema.

Kama huniamini, nenda kwenye saiba yoyote, duka la kompyuta na fotokopi, ukiwa na ukurasa unaoutumia kila wiki. Mwambie kijana akutolee fotokopi mbili, moja amepunguza hadi asilimia 55, nyingine hadi 75. Ziweke kwenye standi, simama umbali unaosimama ukifundisha, usome. Itakugharimu shilingi chache na utakuwa umejaribu tableti zote mbili bila kuingia dukani. Laiti ningelifanya hivyo kwanza.

Najua mtaniambia nilaze mini kwa upana. Nimefanya. Upana unakuwa sentimita 17.6, herufi zinapendeza, lakini unaona chini ya nusu ya ukurasa, na mikono yangu yote miwili iko hewani ikiongoza watu thelathini na wawili. Nitatelezesha kioo na kidole kipi? Wengine wamenishauri nikate pambizo. Ushauri huo ni mzuri kwa nota zilizochapwa upya kwa kompyuta. Zangu nyingi aliyezitoa fotokopi alikwisha kula pambizo zote, sauti ya besi imegusa ukingo wa chini wa karatasi.

Sasa niseme nitanunua nini. Mimi ni mtu wa iPad na sitaficha.

Ya kwanza, bila mjadala, ni iPad ya kawaida. Iliyotoka Machi 2025 ina chipu ya A16, lakini ile ya kizazi cha 10 ya mwaka 2022 ina kioo cha ukubwa uleule, kwa hiyo ukipata safi iliyotumika, ukurasa wako utakaa vilevile. Kinachonifurahisha zaidi ni umbo la kioo. Ukurasa wa A4 unaingia humo kana kwamba ulikatiwa. Juu na chini hubaki ukanda mwembamba tu. Halafu kuna programu ya forScore, ambayo iko kwa vifaa vya Apple peke yake. Unapanga nyimbo zote za misa kwa mfuatano, unaweka alama ya kupumua kwa rangi nyekundu, na wiki ijayo iko palepale. Kalamu ya bei nafuu ya Apple, ile ya USB-C, inatosha kwa kazi hiyo.

Ina udhaifu na nitausema. Kioo chake kimeachana kidogo na picha iliyo chini yake, na hakina utando wa kupunguza mwako, wakati kioo cha mini kimeshikana na picha na kina utando huo. Kanisani kwetu dirisha la magharibi likipigwa na jua la saa kumi, naona uso wangu kabla ya kuona nota. Nimegeuza standi, tatizo limeisha. Uzito wake ni gramu 477 na mini ni 293, lakini standi ndiyo inayobeba.

Ya pili ni Samsung Galaxy Tab A9+. Wanaiita ya inchi 11, na hapa rula inafaa tena: kwa sababu kioo chake ni kirefu na chembamba, upana wake ni sentimita 14.8, yaani ni mwembamba kuliko iPad iliyoandikwa 10.9. Ni upana wa A5 hasa. Ukurasa unaachwa na utepe mweusi wa zaidi ya sentimita mbili usio na kazi. Lakini inasomeka, ina tundu la spika za masikioni, inaingia kadi ya kumbukumbu, na bei yake ina huruma. Kwa mwalimu wa shule anayelipa karo za wanawe, nitamwambia achukue hii na alale usingizi.

iPad mini naiweka ya tatu. Inafaa, ila kwa mtu mwingine na kazi nyingine. Kitabu kilichotengenezwa kwa kusomwa kwenye simu, kile ambacho ukiongeza herufi maneno yanajipanga upya, hakijali upana wa kioo. Biblia, riwaya, magazeti, hayo yote mini inayasoma vizuri kuliko kifaa chochote nilichowahi kushika. Ukiwa umebanwa kwenye matatu kutoka Kisumu hadi Kakamega, mkono mmoja kwenye begi, mini unaishika kwa mkono uliobaki. Inaingia mfuko wa koti la muuguzi. Ukitaka hiyo, tafuta yenye chipu ya A17 Pro iliyotoka Oktoba 2024. Ile ya 2021 ukiishika wima na kutelezesha maandishi haraka, upande mmoja wa kioo huchelewa nyuma ya mwingine, maandishi yanayumba kama uji. Wako wasiouona mtikisiko huo. Mimi niliuona siku ya kwanza na sikuweza kuacha kuuona.

Samsung ndogo, Galaxy Tab A9 isiyo na alama ya kujumlisha, ina upana wa sentimita 11.3 na vitone vya picha 800 tu kuvuka upana wa kioo kizima. Mini ina 1488 katika upana unaokaribiana. Kwa nota za sol-fa, iache. Na zile tableti za elfu nane au kumi zenye majina yanayobadilika kila msimu, mnunulie mtoto atazamie katuni.

Linalonichoma zaidi ni jinsi zinavyouzwa. Apple wenyewe walitangaza mini kwa dola 499 na iPad ya kawaida kwa dola 349, zote na nafasi ya GB 128. Ndogo ndiyo ghali, kwa dola 150, ambazo ni zaidi ya shilingi 19,000. Kuna sababu: chipu yake ni bora, kioo chake ni bora. Lakini mnunuzi wa kawaida akisikia "mini" anadhani anabana matumizi, na sijakutana na muuzaji aliyemsimamisha mtu akamwambia ukweli huo. Mimi niliambiwa, "Madam, ni ileile, ni ndogo tu kidogo." Nililipa 55,000 kwa mini ya 2021 iliyotumika, Ex-UK, yaani iliyoletwa kutoka Uingereza. Niliomba nifungue faili yangu moja kabla ya kulipa, nikaambiwa intaneti ya duka imekatika. Nilikuwa na bando kwenye simu yangu. Nilipaswa kuiunganisha hapohapo na sikufanya hivyo.

Fanyeni nyinyi. Beba ukurasa wako kwenye simu, washa hotspoti, ufungue ukiwa umesimama mbele ya kaunta. Anayekataa, toka. Na ukiwa hapo ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya kifaa, utazame namba ya modeli. Ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, ikianza na F ilikarabatiwa na Apple, ikianza na N ilitolewa badala ya nyingine iliyoharibika. Nimeona kifaa cha F kikiuzwa kwa bei ya M, na aliyekinunua hajui hadi leo. Hakikisha pia akaunti ya mwenye mali wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yako. Bila hivyo umenunua sahani.

Kuhusu laini: ukiambiwa mini ya 2021 inaingia laini, igeuze usome namba iliyoandikwa mgongoni. A2567 haiingii, ni ya Wi-Fi tu. A2568 ndiyo inayoingia. Hizi mpya, mini ya A17 Pro na iPad ya A16, hata zile zinazotumia mtandao wa simu hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM, laini iliyo ndani ya kifaa bila kadi, kwa hiyo anayekuonyesha kijitundu cha laini hakuuzii hizo. Na iPad yoyote, hata yenye laini, haipigi simu ya kawaida na haina menyu ya M-Pesa ya laini. Simu yako bado utaihitaji.

Na hii tabia ya kuandika "bei inbox" chini ya kila picha ikome. Niliuliza maduka manne bei ya kifaa kimoja katika wiki moja, nikapewa bei nne, na moja ilipanda nilipotaja kwamba ni ya kwaya. Labda alidhani kanisa ndilo linalolipa. Hela ni zangu, za kufundisha kinanda watoto jioni baada ya jioni.

Siku ya tisa niliirudisha mini dukani nikiomba nibadilishiwe na kuongeza pesa. Haikuwa na mkwaruzo, boksi na risiti ninavyo. Nikaambiwa kwamba sasa ni mali iliyotumika, wakati waliniuzia ikiwa imetumika, na wataichukua kwa 36,000. Nilikataa. Ameichukua mdogo wangu, muuguzi Kakamega, kwa bei ileile niliyoilipia, ananitumia 5,000 kila mwisho wa mwezi. Anasomea humo riwaya akiwa zamu ya usiku na hataki kusikia lolote baya juu yake. Nami nilinunua iPad ya kizazi cha 10, na Jumamosi iliyofuata tukaanza upya ule mstari wa tena. Ilituchukua dakika arobaini kuwatoa kwenye ile d ya chini.