Entebbe au Jinja kwa wikendi ya historia?

Kutoka Kampala, Entebbe iko umbali wa kilomita 40 hivi, na barabara ya kulipia huifanya safari iwe ya uhakika. Jinja iko takriban kilomita 80, na foleni ya Mukono inaweza kukumalizia asubuhi nzima, ingawa kuku wa kuchoma wa Namawojjolo humpoza msafiri.

Kwa urithi, naiona Jinja ikishinda: Speke, mpelelezi Mwingereza aliyetafuta chanzo cha Nile, alifika hapo mwaka 1862, sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa katika mto Nile mwaka 1948, na katika barabara kuu maduka ya kale ya Wahindi bado yana mwaka wa ujenzi uliochongwa juu ya baraza, japo rangi imebanduka. Usitafute maporomoko ya Ripon ya mto huo. Bwawa la Owen lililofunguliwa mwaka 1954 liliyazamisha.

Katika utunzaji, Entebbe iko mbele: bustani yake ya mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898, ina vivuli, mbega na ufuo wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria.

Mwenye watoto wadogo, au ndege ya jioni, atafaidi Entebbe. Mwenye siku mbili na miguu ya kutembea aende Jinja.