Basketball GM: mchezo wa simu unaofundisha kujenga timu upya

Kama unafuatilia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na hujawahi kuelewa kwa nini timu inakubali kufungwa misimu mitatu mfululizo, fungua Basketball GM. Ni bure, inacheza kwenye kivinjari cha simu ya kawaida, na sijapata mwalimu bora zaidi wa mambo ya ukomo wa mishahara. Nasema hivi nikiwa mtu wa hesabu: mchana nashika vitabu vya SACCOS hapa Moshi, jioni nipo na vijana wa kikapu kwenye uwanja wa shule, Pasua.

Usitegemee kuona mchezaji akiruka. Humo kuna majedwali tu: jina, umri, uwezo wa sasa, uwezo anaoweza kufikia, mshahara, na mwaka mkataba unapoisha. Wewe ni meneja mkuu. Mechi zinachezwa zenyewe, kazi yako ni kuamua nani abaki, nani aende na fedha ikae wapi.

Kwa sisi tuliokulia kwenye usajili wa Simba na Yanga, hapo ndipo ugeni unapoanza. Vijana wangu huniuliza, "Kocha, si tajiri wao angenunua tu mastaa watatu?" Hawezi. Kwa msimu wa 2025/26 NBA iliweka ukomo wa dola milioni 154.6 kwa kila timu. Unaruhusiwa kuuvuka ili umbakize mchezaji wako mwenyewe, lakini kumvuta staa huru kutoka nje kwa bei yake kubwa kunahitaji uwe na nafasi chini ya ukomo. Na aliyevuka dola milioni 187.9 msimu huo, kodi ya anasa, yaani malipo ya ziada kwa ligi, ilianza kumtafuna. Nimewaeleza hayo kwa mdomo mara nyingi na macho yao yakabaki vilevile. Nilipompa mmoja simu, akajaribu kusajili, na mchezo ukamkatalia kwa sababu mishahara yake ilishajaza ukomo, akaelewa papo hapo.

Utamu wenyewe uko kwenye kubadilishana wachezaji. Katika ligi niliyonayo sasa nilichukua timu ya mkiani, nikaacha mikataba ya wazee iishe bila kuijaza tena. Nikabaki na nafasi ya karibu dola milioni 40. Timu nyingine ilikuwa imeshaingia kwenye kodi, na ina mkongwe wa miaka 33 mwenye mshahara mnono na misimu miwili mbele. Kuna kitufe cha kuwauliza wanataka nini ili wakubali. Nikawa naongeza na kupunguza, naweka chaguo lao la raundi ya kwanza (zamu ya kuchagua kijana kwenye drafti, ambako timu hugawana vijana wapya kila mwaka), natoa, naweka kijana wao wa benchi, hadi wakakubali. Mkongwe akaja kwangu, na chaguo la drafti likaja naye. Sikumhitaji acheze. Nilichouza ni nafasi.

Hicho ndicho timu ya Oklahoma City walichofanya kweli. Desemba 2020 walimpokea Al Horford kutoka Philadelphia, mkataba wake ukiwa mzigo, na pamoja naye wakapewa chaguo la raundi ya kwanza. Miezi michache baadaye wakampeleka Boston, wakampokea Kemba Walker, mkataba mwingine mzito, pamoja na chaguo la 16 la drafti ya 2021. Hilo nalo wakaligeuza kuwa machaguo mawili ya baadaye kutoka Houston. Kabla ya hapo, mwaka 2019, walikuwa wamemuuza Paul George kwa Clippers wakapata Shai Gilgeous-Alexander na rundo la machaguo, na moja kati ya hayo ndilo lililomleta Jalen Williams mwaka 2022. Juni 2025 wakawa mabingwa. Ukisoma habari hizo moja moja unaona mkanganyiko wa majina. Ukishacheza misimu kadhaa unaona mpango.

Mpango huo una saa yake, na mchezo unaionyesha vizuri. Kijana wa drafti analipwa kidogo miaka yake ya mwanzo, hata akiwa anacheza kama staa. Huo ndio wakati wa kumleta mtu wa bei, kama Oklahoma City walivyomsajili Isaiah Hartenstein mwaka 2024 kwa dola milioni 87 za miaka mitatu, huku Chet Holmgren na Jalen Williams wakiwa bado kwenye mishahara ya vijana. Ukichelewa, vijana wote wanadai nyongeza kwa pamoja na nafasi inafungika. Wazazi wetu wa huku mlimani wanaijua subira hiyo kwenye kahawa: unakata shina lililochoka, unakaa bila mavuno, lakini ni lazima ujue chipukizi lipi uliache na lini.

Kufungwa kwa makusudi ili uchague mapema kwenye drafti hakutoshi peke yake, na nafurahi kwamba mchezo haukupi zawadi rahisi kwa hilo. Mvuto wa timu unashuka, mapato ya tiketi yanashuka, mwenye timu anapima ushindi, mtoano na fedha, na akichoka anakufukuza. Halafu drafti yenyewe ina ukungu: namba unayoiona kwa kijana ni makadirio tu. Mtanzania hahitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Mwaka 2009 Memphis walimchukua Hasheem Thabeet wetu kwa chaguo la pili la drafti, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Unaweza kuanzisha ligi yenye wachezaji halisi wa miaka hiyo, na usipobadilisha mipangilio, maendeleo ya kila mmoja hayafuati historia. Kwenye ligi moja Hasheem alinichezea misimu tisa akiwa ukuta chini ya ring'i. Nilifurahi sana, sifichi.

Sasa mapungufu. Sheria zimerahisishwa. Ukiwa juu ya ukomo, mshahara unaoupokea kwenye mabadilishano lazima uwe mdogo kuliko unaoutoa. NBA yenyewe ina ngazi na misamaha mingi kuliko hapo, na atakayetaka kuelewa kila kipengele atalazimika kusoma kwingine. Maandishi yote ni Kiingereza, kwa hiyo kijana wa kidato cha kwanza atahitaji mtu pembeni siku za mwanzo. Na majedwali ni mapana kwa kioo kidogo. Kwenye kompyuta raha ni kubwa zaidi.

Lakini kwa mazingira yetu kuna jambo moja linaloshinda hayo yote: ligi inahifadhiwa ndani ya kifaa chako, na ikishafunguka inaendelea hata bila intaneti. Bando likiisha unaendelea. Umeme ukikatika jioni, simu ina chaji, unaendelea. Mechi nyingi za NBA kwetu ni saa tisa au saa kumi usiku, na mwenye kazi asubuhi hawezi kuziangalia kila siku. Huu unaucheza kwenye daladala ya kwenda mjini.

Ukianza, chagua timu yenye mikataba mingi inayoisha msimu huohuo, hata kama ipo mkiani. Usimsajili mtu wa miaka 30 kwa mkataba mrefu katika misimu miwili ya kwanza. Na kwa kuwa kila kitu kiko ndani ya kivinjari, ukisafisha data za simu ligi yako inaondoka nayo, kwa hiyo tumia sehemu ya kupakua faili la ligi kila msimu unapokwisha na ulitunze mahali pengine.