Some Mothers Do 'Ave 'Em: Nuksi Iliyopimwa kwa Rula

Vipande vinavyosambaa kwenye simu vinafanana: bwana mwenye bereti na koti la mvua yuko juu ya viatu vya magurudumu, hawezi kusimama, anapita chini ya lori linalotembea na kutokea upande wa pili. Aliyeona hicho peke yake hudhani ameshaijua tamthilia nzima. Hajaijua. Some Mothers Do 'Ave 'Em, kazi ya vichekesho ya runinga ya BBC iliyorushwa kati ya 1973 na 1978 kwa sehemu 22, hutumia dakika nyingi zaidi kumweka Frank Spencer kwenye kiti, mbele ya meza ya mtu mwenye cheo, akiongea. Kuanguka ni malipo ya mwisho. Deni lenyewe hukopwa pale kwenye kiti.

Mtunzi ni Raymond Allen, mwenyeji wa Isle of Wight, kisiwa cha kusini mwa Uingereza. Michael Crawford ni Frank, Michele Dotrice ni mkewe Betty. Nafasi ya Frank ilikataliwa na wachekeshaji Ronnie Barker na Norman Wisdom kabla ya kumfikia Crawford, na kwa maoni yangu kukataa kwao kuliiokoa kazi hii. Wisdom alikuwa bingwa wa kuanguka, lakini alikuwa na tabia ya kumwomba mtazamaji huruma. Frank haombi huruma ya mtu. Anajiona mume mwema, mfanyakazi hodari ambaye bado hajapata kazi inayomfaa, na mtu mwenye adabu kuliko wote chumbani. Crawford hamchezi kama mjinga. Anamcheza kama mtu makini aliyezungukwa na dunia isiyomwelewa, na ukiwaangalia wanaojaribu kumuiga utaona wanaharibu papo hapo: wao wanajua kwamba wanachekesha.

Tuangalie jinsi sehemu moja inavyojengwa. Chukua "Have a Break, Take a Husband" ya msimu wa kwanza, Frank na Betty wanapokwenda hotelini kujipa fungate ya pili. Chumba kinaonyeshwa kwanza kikiwa kizima. Kisha kitu kimoja kinalegea, kidogo tu, na mazungumzo yanahamia kwingine. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Balaa lisilotarajiwa humpa mtazamaji kicheko kimoja na kwisha. Balaa alilokwisha kuliona linanukia, huku Frank halioni, humchekesha dakika nzima kabla halijatokea na mara nyingine tena likitokea. Allen huchagua njia ya pili karibu kila mara, kwa hiyo unapotazama, angalia vitu vilivyomo chumbani katika dakika tano za mwanzo. Kitu kilichosogelewa na kamera bila sababu hakitafika mwisho wa sehemu kikiwa salama.

Halafu inakuja kanuni ninayoiona ndiyo roho ya kazi yote: kosa la kwanza la Frank huwa dogo na la kusamehewa. Mtu mwingine angeita mhudumu, akaomba radhi, yakaisha. Frank hataki kumsumbua mtu. Anatengeneza mwenyewe. Ili atengeneze anahitaji kitu cha kusimamia, na hicho nacho kinavunjika; ili afiche kilichovunjika anahitaji kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimeshikilia kingine. Kila hatua ina mantiki. Simamisha picha popote ujiulize mtu muungwana, mwenye haya, angefanya nini wakati huo, na mara nyingi jibu ni hilohilo alilofanya Frank. Ndiyo maana uharibifu wake hauchoshi haraka kama ule wa watu wanaorushiana keki usoni. Chumba kinabomoka kwa sababu ya tabia ya mtu mmoja, na tabia hiyo ni adabu.

Mhimili wa pili ni mtu wa mezani. Karibu kila sehemu ina mmoja: meneja anayehoji waombaji kazi, daktari, mwalimu wa kozi, mtahini wa udereva, ofisa wa kutafutia watu ajira. Ukitaka kumwelewa Frank, mwangalie huyu. Anaanza kwa upole wa kikazi, anajieleza taratibu, tena taratibu zaidi, kana kwamba tatizo ni kasi ya maneno. Kisha anakubali jambo dogo la kipuuzi ili kikao kiende mbele, na kwa kukubali hapo ameshapotea. Mwisho wake anapiga kelele, au analia, au anaanza kuongea kama Frank. Naye Frank anaaga kwa heshima na kutoka, akiamini usaili ulikwenda vizuri. Yeyote aliyewahi kutumwa dirisha namba nne na kurudishwa namba moja atapata raha ya pekee hapa: kwa mara moja, anayechanganyikiwa ni wa upande ule mwingine wa kioo.

Kwa waigizaji wageni kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mtu wa mezani akianza kukasirika mapema, kichekesho kinakosa mahali pa kupanda. Akibaki mtulivu mpaka mwisho, hakuna kilichotokea. Sehemu zilizo bora, "The Psychiatrist" ikiwemo, zina mgeni anayejua kupanda ngazi moja kwa wakati. Sehemu dhaifu zina mgeni aliyeingia akiwa ameshanuna.

Lugha ndiyo itakayomsumbua msomaji wa Kiswahili. Wengi wetu tuliwajua wanaume wa Uingereza wenye nuksi kupitia Mr. Bean, ambaye karibu hasemi, hivyo haihitaji Kiingereza kumfuata. Frank ni kinyume chake kabisa. Anaongea mfululizo kwa sauti nyembamba, kidole mdomoni, anaanza sentensi tatu na kumaliza moja, anatumia neno kubwa mahali si pake, anachukua usemi wa mafumbo kama ulivyo. Malalamiko yake kuhusu paka aliyejisaidia ndani ya bereti yanajulikana Uingereza kama methali. Washa maandishi ya chini ya skrini, ya Kiingereza hichohicho. Bila hayo utashika matukio na kukosa nusu ya vicheko, hasa katika msimu wa kwanza ambao ni wa maneno zaidi.

Betty amedharauliwa na wahakiki wengi kwa kuwa hafanyi lolote. Si kweli. Katika vichekesho vya aina hii lazima awepo mtu anayempenda mwenye nuksi, la sivyo mtazamaji ataanza kujiuliza kwa nini asifungiwe tu ndani. Dotrice anaifanya kazi hiyo kwa macho: anaona balaa linakuja sekunde mbili kabla yetu, anajaribu kusema, anaacha. Mimba ya Betty na kuzaliwa kwa mtoto wao Jessica mwishoni mwa msimu wa pili vinamwongezea Frank sababu ya kutafuta kazi, na kwa hiyo meza nyingine za kukaa mbele yake. Ni ujanja mzuri wa mtunzi.

Sasa kuanguka kwenyewe. Crawford alifanya michezo ya hatari mwenyewe, na picha imepangwa ili uone kwamba ni yeye. Kamera inakaa mbali kidogo, mwili mzima unaonekana, na mkato hauingii katikati ya tukio. Hili si suala la ushujaa pekee. Picha ikikatwa, akili ya mtazamaji hujua kuna mtu mwingine aliyevaa koti lile, na kicheko hupungua hapohapo. Katika sehemu ya viatu vya magurudumu anatoka ukumbini kwa kuvunja mlango, anaingia barabarani na kupita chini ya lori, na muda wote uso wake unabaki wa mtu anayejaribu kutomkera yeyote. Katika tukio jingine la msimu wa pili gari aina ya Morris Minor linaning'inia ukingoni mwa jabali na Frank ananing'inia kwenye gari. Angalia miguu yake: haipigipigi ovyo. Inatafuta pa kukanyaga, kwa utaratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Miaka michache baadaye Crawford alikuwa akiongoza maonyesho makubwa ya jukwaani, na mwaka 1986 alikuwa mhusika mkuu wa The Phantom of the Opera London. Aliyetazama miguu ile hatashangaa.

Jambo moja la kiufundi huwashtua watazamaji wapya wakadhani nakala yao ni mbovu. Matukio ya ndani yalirekodiwa studio kwa kamera za video mbele ya watazamaji, na yale ya nje yalipigwa kwa filamu. Frank akifungua mlango na kutoka, rangi inabadilika, picha inakuwa na chengachenga, na sauti ya chumba inapotea. Ndivyo BBC ilivyofanya kazi miaka ile, hakuna cha kurekebisha kwenye runinga yako. Vicheko vya matukio ya nje viliingizwa kwa kuwaonyesha filamu hiyo watazamaji waliokaa studio. Vingine vinakaa vibaya: kicheko kinaanza kimechelewa, na mara moja moja kinafunika neno.

Usiruke wimbo wa mwanzo. Ronnie Hazlehurst aliuandika kwa filimbi ndogo za pikolo, na mdundo wake ni jina la tamthilia lililoandikwa kwa alama za Morse, ile milio mifupi na mirefu ya telegrafu za zamani, bila vile vikoma vya juu. Hakuna anayehitaji kujua hilo ili acheke. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha ni watu wa namna gani walioitengeneza kazi inayoonekana ya hovyohovyo.

Misimu hailingani. Wa kwanza, sehemu saba za mwanzoni mwa 1973, ndio wenye uandishi mzuri kuliko yote na bajeti inayoonekana kuwa ndogo. Wa pili, sehemu sita za mwishoni mwa mwaka uleule, unasawazisha maneno na hatari, na kama utanunua mmoja tu nunua huo. Zinafuata sehemu mbili za Krismasi, 1974 na 1975, ndefu kuliko za kawaida. Ya pili, ya Frank na udereva, ina mapigo mazuri lakini ingefaidika kwa kupunguzwa. Kisha kimya cha takriban miaka mitatu.

Msimu wa 1978, sehemu sita na moja ya Krismasi, unagawa mashabiki. Matukio ya nje ni makubwa zaidi, na hiyo ya mwisho inamweka Frank ndani ya ndege ndogo akijifunza kurusha. Kilichobadilika ni Frank mwenyewe. Amepata kiburi. Anajibu kwa ukali, anajivuna, anamkatisha Betty. Mtu mwenye adabu anayebomoa nyumba anachekesha. Mwenye maringo anayebomoa nyumba anakaribia kustahili kinachompata, na ile mantiki ya kuona haya niliyoieleza pale hotelini inalegea. Bado kuna mambo ya kufurahisha, hasa ugomvi na jirani, Mr Lewis, anayechezwa na Glynn Edwards. Lakini asianzie hapo mtu ambaye hajamjua Frank wa 1973.

Yapo pia yaliyozeeka. Utani kuhusu wanaume wenye sauti laini unarudiwa kupita kiasi, wagonjwa wa akili wanatumiwa kama pambo, na dunia nzima ya Betty ni jikoni na kumsubiri mume. Ukitazama na watoto hakuna uchafu wa kuwafunikia macho, ila waambie mapema kuhusu kuning'inia na kujishikiza kwenye magari, maana Crawford analifanya lionekane jambo la kawaida.

Kuhusu kununua. DVD hutengenezwa kwa maeneo ya dunia yenye namba: za Uingereza ni za eneo namba 2, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo ziko eneo namba 5. Mashine inayofuata eneo itaikataa diski, kwa hiyo hakikisha yako inasoma maeneo yote kabla ya kuagiza. Walio Oman na nchi nyingine za Ghuba hawana shida hiyo, kwao ni eneo namba 2 vilevile. Soma jalada vizuri: sehemu za Krismasi ziliwahi kuuzwa kando, na seti iliyoandikwa msimu wa kwanza na wa pili huenda haina hizo. Picha ni ya umbo la runinga za zamani, karibu mraba. Acha michirizi myeusi pembeni ibaki. Ukiikuza ijaze skrini pana, unakata juu na chini, na katika kazi hii chini ndiko miguu ya Crawford iliko.

Anza na ile ya hotelini, kisha "The Psychiatrist", kisha viatu vya magurudumu, ndipo urudi kuzifuata kwa mpangilio. Kipande kifupi cha 2016, Crawford na Dotrice waliporudi kwa ajili ya uchangishaji wa hisani wa Sport Relief, kina furaha ya kuwaona tena na si zaidi ya hapo. Kiache mpaka umalize zile 22.