Gereji ya matairi Buzuruga, nendeni jamani

Kama gari yako inakunywa sana mafuta, kabla hujalaumu injini pita hii gereji ya matairi pale Buzuruga, Mwanza, mi na Toyota IST yangu nimewakubali. Hawajazi upepo kwa kukisia, wanafungua mlango wa dereva wanasoma ile stika ya PSI (kipimo cha upepo wa tairi) ndo wanajaza, maana tairi yenye upepo mdogo inafanya gari iwe nzito na mafuta yanaenda bure (nendeni asubuhi tairi zikiwa bado baridi). Alaimenti (kunyoosha matairi) nayo safi, ila jumamosi foleni ndefu. Fundi kanielekeza pia nikishuka mlima nisiweke nyutro, niache gia ya D nitoe tu mguu kwenye mafuta, injini ya EFI (inayopuliza mafuta kwa umeme) inakata mafuta yenyewe. Usagara mpaka Kigongo sasa mshale wa mafuta unashuka taratibu kweli, na moshi tunaupunguza hapa Mwanza yetu.