Sirinji ya kujifunga ya mililita 0.5: kanuni iliyofichwa ndani ya bomba

Ukiishika mara ya kwanza huoni la ajabu. Bomba la plastiki angavu, pistoni nyeupe, sindano iliyogandishwa kwenye bomba isiyobanduka, kitako cha buluu iliyokoza. Inyanyue uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha huku ukiizungusha polepole. Katika aina zinazotumia klipu utaona kipande chembamba cha chuma chenye meno, kimekaa kati ya pistoni na ukuta wa bomba. Kipande hicho ndicho bidhaa yenyewe. Kinairuhusu pistoni irudi nyuma mara moja, kisha isonge mbele. Ukitaka kuivuta tena, meno yanauma plastiki na haitoki. Aina nyingine hazina chuma: pistoni imechongwa shingo nyembamba, ukiilazimisha inakatika mkononi.

Hii ndiyo sirinji inayoandikwa AD (kifupi cha Kiingereza cha auto-disable, yaani inayojifunga yenyewe) kwenye leja za stoo, na inatumika kwa chanjo ambazo dozi yake ni mililita 0.5: Penta (magonjwa matano kwa pamoja), IPV (polio ya sindano), surua-rubela, pepopunda, HPV (saratani ya mlango wa kizazi). BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina yake ya mililita 0.05, yenye sindano fupi na kitako cha kahawia au kijivu kulingana na unene wa sindano. Rangi hizo hazichaguliwi na kiwanda. Buluu iliyokoza ni geji (kipimo cha unene wa sindano) 23 popote duniani, kahawia ni 26, kijivu ni 27, ili mhudumu asilazimike kusoma maandishi madogo akiwa na foleni ya akina mama mbele yake.

Anayetaka kubuni kifaa kipya cha afya aichunguze sirinji hii kabla hajachora chochote. Kwa miaka mingi pakiti za sirinji za kawaida zilibeba onyo la kutumia mara moja tu, na sirinji zikaendelea kuoshwa na kurudiwa. WHO inakadiria kwamba mwaka 2010 pekee sindano zisizo salama ziliambukiza hadi watu milioni 1.7 homa ya ini B na hadi watu 33,800 virusi vya UKIMWI. Onyo lililochapishwa linamtegemea msomaji mwenye muda, mwanga na akiba ya kutosha stoo. Klipu haimtegemei mtu. Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA (shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu) walitoa tamko la pamoja kwamba kufikia mwisho wa 2003 chanjo zote zichomwe kwa AD, na tamko hilo liliwezekana kwa sababu kifaa kilikwishakuwapo: shirika la PATH lilikuwa limebuni SoloShot, na kampuni ya vifaa tiba ya BD ikapewa leseni ya kuitengeneza mwaka 1990.

Katika matumizi, kosa moja linapoteza sirinji kirahisi, na chanzo chake ni mafunzo mazuri ya chuoni. Muuguzi aliyezoea sirinji ya kawaida huvuta hewa kwanza, huiingiza kwenye kichupa, ndipo avute dawa. Kwenye AD, kule kuvuta hewa kumekula nafasi pekee ya kuvuta, na kuisukuma kumefunga kazi. Sirinji mpya imekufa bila tone la chanjo. Namna sahihi ni hii: kagua pakiti na tarehe, fungua upande wa pistoni, toa kifuniko bila kugusa pistoni, ingiza sindano kwenye kichupa kilichopinduliwa, hakikisha ncha iko ndani ya maji ya chanjo muda wote, vuta polepole hadi pistoni ikome yenyewe. Kama kuna povu, simamisha sirinji, gonga bomba kwa kidole, sukuma taratibu hadi kwenye alama. Kwa kuwa hakuna hewa inayorudishwa, kichupa cha dozi kumi kinaanza kuvuta upande wake kadiri kinavyopungua. Dozi za mwisho zinataka mkono wa polepole zaidi, la sivyo unavuta povu. Usivute nyuma kuangalia damu baada ya kuchoma, kwani WHO haishauri hivyo kwa chanjo na sirinji hii haikuachii nafasi ya kufanya hivyo. Usirudishe kifuniko. Iende moja kwa moja kwenye sefti boksi (boksi la kutupia sindano zilizotumika), na boksi lifungwe likijaa robo tatu.

Klipu haitofautishi mzembe na mwangalifu aliyeteleza. Ndiyo maana hesabu ya kuagiza inabeba hasara ndani yake: zidisha idadi ya sindano zitakazochomwa kwa 1.11. Watoto 1,000 wanahitaji sirinji 1,110. Sefti boksi la lita 5 linabeba takriban sirinji 100, kwa hiyo 1,110 gawa kwa 100, zidisha tena kwa 1.11, unapata 12.3, agiza 13. Hapo bado hujahesabu sirinji za kuchanganyia chanjo za unga kama surua-rubela, ambazo nazo zinaingia humo humo. Anayeagiza sawa na idadi ya watoto ataishiwa kabla kampeni haijaisha, na kituo kilichoishiwa sirinji ndipo hatari ya zamani inaporudi.

Upande wa utengenezaji ndipo ugumu ulipo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7886-3 kinataka dozi isikosee zaidi ya asilimia 5, yaani bomba la mililita 0.5 litoe kati ya 0.475 na 0.525. Mafuta ya silikoni ndani ya bomba yakipungua, pistoni inakwamakwama na mhudumu anasukuma kwa nguvu. Na ukibadilisha kiasi chake, au raba, au njia ya kuua vijidudu, umebadilisha bidhaa na unadaiwa ushahidi upya. Vijidudu vinauawa kwa gesi ya ethilini oksaidi inayopenya upande wa karatasi wa pakiti, kisha lazima isubiriwe itoke kabla shehena haijaachiliwa. Kiwanda chenye haraka kinateleza hapo.

Vibali navyo ni milango tofauti, na mmoja haufungui mwingine. UNICEF hununua AD zilizopita ukaguzi wa awali wa WHO, ule wa PQS unaopima ubora wa vifaa vya chanjo. Hata hivyo, kuuza Tanzania Bara bado unapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya unapita Bodi ya Dawa na Sumu. Kampuni ya Revital ya Kilifi, Kenya, inatengeneza AD zilizopita ukaguzi huo wa WHO, jambo linalostahili heshima kubwa kuliko inavyopewa. Kupata mashine za kumwaga plastiki si kazi ngumu sana. Kuthibitisha kwamba sirinji ya shehena ya leo ni sawa na ya shehena iliyokaguliwa, kwa karatasi, mwaka baada ya mwaka, hiyo ndiyo kazi.

Uthabiti huo una gharama yake pia. Chanjo ya UVIKO ya Pfizer ilipokuja na dozi ya mililita 0.3, AD ya 0.5 haikufaa, kwa kuwa imejengwa kutoa kipimo kimoja. Kipimo kipya kinataka kalibu mpya ya plastiki, majaribio mapya, kibali kipya. Sirinji za 0.3 zikawa adimu huku vichupa vikiwa friji.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi: sirinji hii inamlinda mtoto anayefuata, haimlindi muuguzi. Sindano inabaki wazi baada ya kuchoma. Mwaka 2015 WHO ilihimiza sirinji za matibabu ziwe za kutorudiwa, na inapowezekana ziwe na ala ya kufunika ncha. Ala hiyo inaongeza bei na ujazo wa taka, ila kwa kituo ambacho mhudumu mmoja anachoma, anaandika kadi na kumtuliza mtoto kwa wakati mmoja, tungeilipia.

Kwa kituo cha chanjo, tunaipendekeza bila kusita. Unapopokea katoni, usiishie kusoma tarehe. Toa pakiti chache kutoka kila kona, hasa zilizokaa chini. Karatasi iliyowahi kulowa huwa na mawimbi au doa la manjano hata ikiwa imekauka, na pakiti hiyo si safi tena hata kama imebakiza miaka mitatu. Kisha chukua sirinji moja, vuta, sukuma hadi mwisho, jaribu kuvuta tena kwa nguvu zako zote. Ikirudi nyuma, zuia shehena nzima, andika namba ya bechi na upige simu wilayani siku hiyo hiyo.