Mifuko ya kitambaa ya kupandia mbatata: uzoefu wangu hapa Malindi

Hii ni mifuko ya kitambaa kizito, yenye mikono miwili, ninayo darini kwetu. Nasema mapema: kwa joto letu la pwani inaishinda ndoo ya plastiki kwa mbali. Ila mfuko peke yake hauzai mbatata. Msimu ndio unaoamua.

Mbatata hupenda ubaridi. Hutunga vizuri udongo ukiwa nyuzi 15 hadi 20. Ukipita 29 hivi, mmea unajaa majani na chini hupati kitu. Mama jirani aliponiona napandisha udongo aliniuliza, "Mwanangu, mbatata si za bara hizo?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, ndiyo maana nimengojea kusi." Juni hadi Agosti kuna nafuu ya joto, na hapo ndipo pa kujaribia. Kaskazi ikishaingia, acha kabisa.

Uzuri wa kitambaa ni kwamba kinapumua. Maji yanapokauka kwenye kuta zake, udongo wa ndani hupoa, na mizizi ikifika ukingoni haizunguki ikajifunga kama inavyofanya ndani ya ndoo. Maji ya ziada nayo yanatoka, kwa hiyo mbegu haiozi. Nilipanda mbatata ya mbegu, aina ya Shangi, iliyokwisha kuchipua, macho juu, karibu na kitako cha mfuko, nikaifunika kidogo tu. Mashina yalivyopanda nami nikaongeza udongo, kwa sababu mbatata hutunga juu ya ile mbegu, si chini yake. Udongo wenyewe nilichanganya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa, maana lisipooshwa huwa na chumvi.

Na chumvi ndiyo shida yetu kubwa huku. Ukimwagilia maji ya kisima, baada ya muda utaona unga mweupe wa chumvi nje ya kitambaa, ukipitisha kidole unabaki mkononi. Mimi nakinga ya mvua kwenye pipa, na mara mojamoja namwagilia mengi mpaka yachuruzike, ili chumvi ioshwe.

Kasoro za mifuko hii nimeziona mbili. Upepo wa kusi unakausha mfuko upesi mno. Asubuhi na jioni lazima umwagilie, na ukisafiri tafuta mtu. Pili, mshono wa mkono mmoja ulifumuka nilipouhamisha mfuko ukiwa na maji. Kabla ya kununua, vuta mikono kwa nguvu uone kama imeshonwa mara mbili.

Mavuno? Madogo, usitegemee debe. Lakini nilipoumwaga udongo juu ya turubai, zilitoka mbatata nyingi za ukubwa wa yai, ngozi laini hata kidole gumba kinaibandua. Moja mbili zilizopigwa na jua zikawa kijani nilizitupa, zina sumu. Zilizobaki tulipika viazi karai na chatini ya ukwaju, na watoto wakagombania sahani.

Ninanunua mingine, mikubwa zaidi ya hii. Mwaka ujao nataka kujaribu mbegu ya Unica, inayosifiwa kwa kuvumilia joto, na nitaitafuta iliyothibitishwa, kwani mnyauko wa bakteria huja na mbegu ya sokoni. Kwa sasa mifuko nimeipanda viazi vitamu, ambavyo joto la kaskazi haliviogopeshi.